Saa Kumi na Mbili za Daftarini

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipewa kazi ya kutengeneza kauri iliyogunduliwa Marekani mwaka 1987: itriamu moja, bariamu mbili, shaba tatu, pamoja na oksijeni. Ndugu msomaji, kwa sura ni kama kipande cha mkaa. Lakini ikipozwa hadi nyuzi 180 chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani wowote, na sumaku huelea juu yake.

Nilisaga unga kinuni mpaka kiganja kikaota malengelenge, nikaukandamiza kuwa kidonge, nikakichoma kwa nyuzi 950, nikasaga na kuchoma tena. Mwishoni kidonge hupozwa polepole ndani ya oksijeni, kwani hapo ndipo kinapovuta ile iliyopungua. Ilikuwa Ijumaa, nami nawahi basi. Nikakitoa kingali cha moto, na daftarini nikaandika: "Kimepozwa kwa saa 12."

Jumatatu tulikimwagia naitrojeni ya kimiminika. Sumaku ikalala juu yake kama kokoto. Mwalimu akakipima kwa eksirei. Mistari ikaonyesha fuwele zilizokosa oksijeni. Hakunigombeza.

"Kijana, hizo saa 12 ulizihesabu wapi?"

Nikaukata ule mstari, nikaandika ukweli chini yake, mkono ukitetemeka. Kidonge hakikutupwa. Tulikirudisha tanuruni, ndani ya oksijeni, nyuzi 450, na safari hii nililala palepale maabara. Kesho yake sumaku iliinuka kidogo tu, unene wa sarafu mbili hivi, ikabaki hewani.