Tuwafundishe Watoto Mto Wao

Mwulize mtoto wa shule hapa Bariadi habari za mto Nile, naye atakujibu bila kusita kwamba ni mto mrefu, unaopita Misri na kuishia katika Bahari ya Kati. Mwulize mto Simiyu unatoka wapi na kwenda wapi, aghalabu atanyamaza. Kumbe maji ya Simiyu huingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke, na maji ya ziwa hilo ndiyo yatokayo Jinja kuanza safari ya Nile. Stanley alipofika ziwani mwaka 1875 aliutaja Simiyu kuwa mkono wa kusini kabisa wa chanzo cha Nile. Leo wataalamu huutaja zaidi mto Kagera, lakini somo halibadiliki: maji ya nyumbani kwetu nayo yamo katika safari hiyo.

Mimi ni mwalimu. Kila kiangazi huwapeleka wanafunzi wangu mtoni, wakati mto umebaki mchanga mtupu na akina mama wanafukua visima katikati yake. Hatuanzii mtoni, huanzia juu, penye vilima vya mawe, tukateremka polepole. Kwanza twakanyaga luseni, udongo wa kichanga. Kisha ibambasi, mgumu kama sakafu, ambao maji huupenya kwa shida. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka juani na kunata mvua inyeshapo. Majina hayo ni ya Wasukuma wenyewe, waliousoma udongo kwa jembe. Mtoto akisha kuyajua kwa nyayo zake, huona mwenyewe kwa nini mvua ya muda mfupi juu ya ardhi isiyo na majani hushuka mtoni ikiwa tope.

Baada ya hapo kila mmoja huagizwa kwenda kuwauliza wazee wake: palikuwaje hapa zamani? Majibu yanayorudi darasani ni hazina. Wazee husimulia habari za misitu na mbung'o, na jinsi serikali ya kikoloni ilivyohimiza vichaka vifyekwe ili mbung'o waangamie, ng'ombe na watu wakasogea mashariki. Husimulia habari za pamba, iliyolipa kodi na karo, na vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria. Husimulia pia Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, nyumba zilipokusanywa pamoja, na kuni na malisho yakatafutwa mahali pamoja.

Siku moja msichana mmoja aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, basi ni nani aliyeumaliza mto?" Sikumtafutia mkosaji mmoja. Nilimwambia kwamba kila kizazi kilikata mti kwa haja yake ya kweli, na kwamba kilichofanywa na mikono ya watu, mikono ya watu yaweza kukitengeneza. Nikamkumbusha ngitili, desturi ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifungua kiangazi. Mwaka 1986, Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao uliirudishia desturi hiyo heshima yake. Katika sehemu nyingi miti ilichipua upya kutoka katika visiki vya zamani. Hakuna aliyelazimika kuleta hekima kutoka ng'ambo, ilikuwapo.

Lakini si wote wanaoliafiki somo hili. Mzazi mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, shikamoo yangu pokea, lakini mtihani hauulizi habari za Simiyu. Mtoto wangu anapoteza siku nzima kutembea." Nilimwelewa, kwa maana sare hulipwa kwa jasho. Nikamjibu kwamba mtihani ni wa siku chache, na mtoto huyu ndiye atakayerithi shamba lake kando ya mto huo. Asipojua linavyochukuliwa na maji, atarithi korongo. Hakunijibu, ila kiangazi kilichofuata alimruhusu mtoto aende.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika Mkoa wa Simiyu. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, mtoto afunguaye bomba asipofundishwa, atadhani maji huzaliwa ndani ya bomba, wala hatajua kwamba tope la kwao huishia katika ziwa lile lile.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu mlioko Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko, likizo ijayo wapelekeni watoto kwa babu na bibi zao. Waulize habari za mto wa kwao, uwe Simiyu, Duma au mwingine. Mwacha asili ni mtumwa, na wazee wanaoikumbuka asili hiyo wanapungua kila mwaka.