Lenzi ndefu katika uwanda wa Mkata

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na kwa sababu hiyo Watanzania wengi wameiona hifadhi hii bila kukusudia. Abiria anayesinzia ndani ya basi huamshwa na jirani yake: tembo! Kabla hajafikicha macho, tembo amekwishaachwa nyuma, na simu iliyoinuliwa kwa haraka imeambulia kioo chenye vumbi na doa la kijivu katikati ya majani. Tunaamini wasomaji wetu wengi wanayo picha ya namna hiyo.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 280. Inastahiki kuingiwa, si kupitwa tu. Mwezi wa Agosti, kamati yetu ya msikiti iliwapeleka huko wanafunzi wakubwa wa madrasa pamoja na baadhi ya wazazi wao. Tulichukua kamera moja na lenzi moja ya kuvuta mbali, ya milimita 100 hadi 400, tuliyoazimwa na ndugu yetu mpiga picha za harusi. Lenzi za aina hii, zile nzuri, zikiwa mpya hupita bei ya pikipiki. Basi ilisafiri imepakatwa kama mtoto mchanga, kwani amana ni amana.

Tuliswali Alfajiri katika mji mdogo wa Mikumi na tukawa langoni mapema. Agosti ni kiangazi: majani yamefupika, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama hawana budi kuonekana. Tulielekea uwanda wa Mkata, upande wa kaskazini wa barabara, ambako nyumbu, pundamilia, nyati na twiga hulisha mahali pamoja, na pofu, ambaye ni mkubwa kuliko swala wote, hujitenga pembeni kwa haya zake.

Kwa asiyeizoea, lenzi ya kuvuta mbali ni bomba zito lenye pete inayozungushwa. Ukiivuta kutoka milimita 100 hadi 400, kitu huonekana kikubwa mara nne, na upana wa eneo linaloingia katika picha hubaki robo. Lakini ukubwa huo hauji bure, kwa kuwa mtikisiko wa mkono nao hukuzwa. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: kwenye milimita 400, shata isibaki wazi zaidi ya sehemu ya 400 ya sekunde. Mnyama anayekimbia anataka sehemu ya 1,000, au chini ya hapo. Na lenzi nyingi za namna hii, kadiri unavyozivuta, ndivyo zinavyopokea mwanga kidogo, hivyo saa za mapambazuko huwa na mvutano kati ya giza na haraka.

Dawa yetu ilikuwa mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele kilo mbili. Unawekwa juu ya ukingo wa dirisha la gari, lenzi inalazwa juu yake, kisha dereva anazima injini, maana mtetemo wa injini unatosha kuharibu kila kitu. Stendi ya miguu mitatu haina nafasi ndani ya gari, na kushuka ni marufuku isipokuwa mahali palipotengwa. Mchele huo, tuseme kwa faida ya akina mama, ulipikwa jioni.

Wanafunzi walipokezana. Wa kwanza alimpata ngiri mwenye pua safi na macho yenye ukungu, na hapo wakajifunza wote kwamba lenzi hii ni bahili hata katika kina. Mnyama akiwa mita 15 mbele yako, ukanda unaoonekana barabara kwenye milimita 400 huwa kama sentimita 30 tu. Ni lazima uchague, na uchague jicho. Walijifunza pia kwamba ilipofika saa nne hivi, jua lilipopasha ardhi, picha za mbali zilianza kuyumba kama kitu kilichotazamwa juu ya moshi wa jiko. Hewa ya moto inayopanda huupinda mwanga, na hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, inayotibu jambo hilo. Aliyelala hadi saa tatu amekwishaikosa Mikumi.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni umbali. Katika picha moja, nyumbu wawili wanaonekana kugusana mabega na nyuma yao vilima vimesimama kama ukuta wa uani. Kwa macho yetu, kati ya nyumbu hao palikuwa na nafasi ya kupitisha lori, na vilima vilikuwa mwendo wa saa nyingi. Watu husema lenzi ndefu hubana vitu. Kwa kweli anayevibana ni mpigaji aliyesimama mbali. Kutoka mbali tofauti za umbali hupungua hata machoni, na lenzi hukata kipande hicho na kukikuza. Tunalieleza hili kwa sababu picha za namna hiyo huwafanya watu wadhani wanyama hawa hukaribiwa kirahisi.

Mwongozaji wetu alisimamisha gari mbali kabisa na tembo jike aliyekuwa na mtoto. Tukiwa kimya, injini imezimwa, tulihesabu mikunjo ya mkonga wake na kuona udongo mkavu uliomganda mtoto mgongoni. Gari jingine, lililojaa watu wenye simu tu, likatupita na kusogea, likasogea tena. Mama yule akageuka, akatanua masikio, akaweka mwili wake kati ya gari na mwanawe. Kisha wakatokomea vichakani. Hatukuwalaumu sana wenzetu: simu ndiyo iliyowasogeza. Lakini dakika zile kumi za malisho walizonyang'anywa mama na mtoto hazikuwa zao wala zetu.

Wakati wa chakula mzazi mmoja aliuliza kuhusu hukumu ya kupiga picha zenye viumbe. Tulimweleza kwamba wanazuoni wamehitilafiana, na kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ni miongoni mwa walioiruhusu picha ya kamera kwa hoja kuwa ni kukizuia kivuli, si kuumba. Hatukujua kwamba suala zito zaidi lilikuwa linatusubiri njiani.

Wakati wa kurudi, nje ya hifadhi, basi letu lilisimama kwenye kijiji kimoja ili tuswali Adhuhuri na Alasiri, swala ya msafiri. Bondeni, mbali, wanawake walikuwa kijitoni wakifua na kujimwagia maji. Kwa macho walikuwa rangi tu za khanga. Kijana mmoja hodari, ambaye mchana kutwa alikuwa amepiga picha nzuri kuliko wote, alilaza lenzi dirishani na kuanza kuivuta. Ustadha aliyekuwa kiti cha nyuma yake akanyoosha mkono na kuweka kiganja mbele ya kioo.

"Mwanangu, hao hujawapigia hodi."

"Lakini Ustadha, wako mbali. Hata hawatajua."

"Ndiyo maana nimeweka mkono."

Hapakuwa na mengi ya kuongeza. Hodi imewekwa kwa ajili ya jicho kabla ya mguu, na Suratul Hujurat imetukataza kupelelezana. Wazee wetu walilielewa hilo kwa nyufa za milango na kuta za uani. Sasa ufa wa mlango unabebwa begani na unaona ng'ambo ya bonde. Kifaa kilichompa tembo faragha yake asubuhi kingeiondoa faragha ya dada zetu alasiri, bila hata skrubu moja kubadilishwa.

Kijana alikaa kimya, kisha akaomba kushuka. Alimwendea mzee aliyekuwa akiuza nyanya kando ya barabara, akamwamkia shikamoo, akaomba ruhusa. Mzee alikubali kwa sharti kwamba baiskeli yake nayo iingie. Lakini lenzi ndefu haina nafasi kwa watu wa karibu. Hata ilipofupishwa hadi milimita 100, kijana alilazimika kurudi nyuma hatua moja, mbili, sita, kumi, huku amejifunga kamera usoni na wenziwe wakimwongoza asitumbukie mtaroni.

"Mbona unanikimbia?" mzee akauliza, akaangua kicheko, na shata ikalia hapo hapo.

Picha hiyo, pamoja na baiskeli na matenga mawili ya nyanya, tumekwisha kuisafisha. Dereva amekubali kumpelekea atakapopita tena.