Kivuli cha Kabini: Safari ya Jua Kutoka Mombasa Hadi Malaba

Barabara kuu itokayo bandari ya Mombasa kuja Uganda ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,100 hadi kufika Kampala. Huanza penye usawa wa bahari, ikapita nyika kavu ya Tsavo, ikapanda Nairobi na Bonde la Ufa, ikafika kwenye baridi ya Timboroa, kisha ikateremka hadi mpaka wa Malaba. Sehemu kubwa ya bidhaa ziingiazo Uganda kutoka ng'ambo hupita njia hii.

Wanaoifahamu barabara hii kuliko wote ni madereva wa malori na matanboi wao. Kwao kabini ni zaidi ya mahali pa kushikia usukani. Ni chumba cha kulala, ni sebule, ni kabati la nguo, na mara nyingine ni jiko pia. Wamo vilevile wageni wachache wasafirio kwa magari-nyumba, yaani magari yenye vitanda na meko ndani, ambao hushuka kutoka nchi za mbali kuja kuiona Afrika. Tena zipo familia za askari na za watumishi wa serikali. Baba anapopewa uhamisho, vitanda na masufuria hupakiwa nyuma ya lori, na mama na watoto huketi kabini pamoja na dereva.

Watu wote hao wana adui mmoja asiyeonekana, naye ni joto liingialo kwa njia ya vioo. Yafaa basi kulifahamu adui huyo, na kujua namna ya kuchagua kinga ya kumzuia.

JOTO LA NAMNA TATU

Joto la barabara hii si la namna moja. Pale Mombasa ni joto la unyevu. Jasho hutoka lakini halikauki, na nguo hushikamana na mgongo tangu asubuhi. Mtu akitundika kitambaa kilicholoweshwa dirishani hapati nafuu kubwa, kwa sababu hewa yenyewe imekwisha kushiba maji.

Baada ya Mariakani mambo hubadilika. Msafiri huingia katika nyika ya Taru, ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa ukosefu wa maji. Mahali pamoja njiani paitwa Maji ya Chumvi, na jina hilo linatosha kueleza habari za huko. Kutoka hapo hadi Voi na Mtito Andei ardhi ni nyekundu, vivuli ni haba, na joto ni kavu. Huku kitambaa chenye maji kikitundikwa mbele ya dirisha lililo wazi huleta ubaridi wa kweli, kwani maji yakauka upesi na kuchukua joto pamoja nayo. Lakini jasho nalo hukauka upesi hivyo hivyo, na msafiri huweza kupungukiwa na maji mwilini bila ya kujitambua.

Namna ya tatu ni ile ya nyanda za juu. Kuanzia Mlolongo, mji ambao jina lake latokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakingojea kupimwa uzito, upepo huwa wa baridi. Watu wengi hudhani kwamba huko hapana haja ya kivuli. Hilo si kweli. Mahali palipoinuka jua ni kali, na kabini iliyofungwa hupata moto hata kama mtu aliye nje amevaa sweta. Usiku nao, mnamo Timboroa na Burnt Forest, kioo kisichofunikwa hupoteza joto upesi, na dereva aliyelala humo huamka akitetemeka. Kinga nzuri ya jua basi hufanya kazi mbili: mchana huzuia joto lisiingie, na usiku huzuia joto lisitoke.

JINSI JUA LIINGIAVYO

Jua la adhuhuri, anga likiwa safi, huleta nguvu ya karibu wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba. Kioo cha mbele cha lori kubwa huweza kuwa na eneo la karibu mita mbili za mraba. Hata nguvu hiyo ikipungua kwa kuwa kioo kimesimama wima, bado ni kama mtu aliyewasha pasi ya umeme ndani ya kabini na kuiacha hapo mchana kutwa.

Mwanga hupenya kioo bila ya shida. Ukifika ndani hugonga dashibodi, usukani na viti, navyo hupata moto. Joto litokalo katika vitu hivyo haliwezi kurudi nje kupitia kioo kwa urahisi ule ule ulioingiza mwanga, na hewa iliyopata moto haina pa kutokea. Ndiyo maana dashibodi nyeusi huunguza mkono, na kabini huwa moto kuliko uwanja ilikoegeshwa.

Mwelekeo wa safari nao una maana. Gari liendalo Malaba huelekea kaskazini-magharibi kwa sehemu kubwa ya njia. Jua la asubuhi hulipiga mgongoni, na jua la alasiri hulipiga usoni. Mwezi Desemba jua huegemea kusini, na kioo cha kushoto, upande wa tanboi, ndicho kipatacho taabu. Mwezi Juni huegemea kaskazini, na zamu huwa ya dereva. Mwenye hekima huyaangalia haya kabla ya kuegesha. Akilala mchana Voi, huligeuza gari ili kioo cha mbele kisitazame jua la alasiri. Kivuli hicho cha kwanza hakina gharama yoyote.

KUCHAGUA KINGA

Kinga zipatikanazo ni za aina nne au tano, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni pazia la kitambaa litundikwalo ndani. Ni rahisi na huwapa watu stara ya kulala. Lakini mwanga huwa umekwisha kuingia kabla ya kulifikia, na pazia jeusi hulinywa jua na kuwa kama jiko. Mwenye kutaka pazia na achague la rangi nyeupe kwa upande utazamao nje.

Ya pili ni kinga ya kukunja yenye uso unaong'aa kama fedha, ambayo huwekwa ndani, nyuma ya kioo cha mbele. Hii hurudisha sehemu ya mwanga nje kabla haujawa joto, na huilinda dashibodi na usukani. Huwekwa na kuondolewa kwa muda mfupi. Kosa liwapatalo wengi ni kununua iliyo fupi. Nafasi ya vidole vinne ikiachwa kandokando, jua huingia hapo hapo.

Ya tatu ni kifuniko cha nje. Hii ndiyo ishindayo zote kwa kuzuia joto, maana jua husimamishwa kabla ya kukigusa kioo. Somo hili wenye magari-nyumba wa Ulaya wamelifahamu vyema. Magari yao mengi hujengwa juu ya gari la Fiat Ducato au mfano wake. Kuta za sehemu ya kulala zina sponji ndani yake, lakini chumba cha dereva kina vioo vitupu mbele na ubavuni, nacho ndicho mlango wa joto na baridi. Kwa hiyo wengi wao hukivika chumba hicho koti zima kwa nje, na masikio ya koti huingizwa ndani na kubanwa na milango, ili mwizi asiweze kulivuta. Kisha hutundika pazia zito kati ya viti vya mbele na sehemu ya kulala. Dereva wa lori aweza kuiga jambo hilo kwa kutundika pazia kati ya viti na kitanda chake.

Ya nne ni wavu. Wavu hauzuii jua lote, lakini huruhusu upepo kupita na huwazuia mbu. Kwa vioo vya ubavuni wakati wa usiku hauna mfano. Wilaya ya Tororo, ng'ambo tu ya Malaba, imejulikana kwa muda mrefu kwa wingi wa malaria, na dereva alalaye huko madirisha wazi bila ya wavu hununua upepo kwa bei ya homa.

Ya tano ni karatasi nyeusi ibandikwayo juu ya kioo. Hupunguza mng'ao, lakini hupunguza pia macho ya dereva wakati wa usiku. Asiibandike mtu kabla ya kuuliza kwa askari wa usalama barabarani ni kiasi gani kinachoruhusiwa katika nchi azipitazo. Na kinga yoyote ya kioo cha mbele hapana budi iondolewe yote kabla injini haijawashwa.

KUISHONA NYUMBANI

Mama wa nyumbani mwenye cherehani hana haja ya kununua kinga dukani. Achukue magazeti ya zamani, ayabandike pamoja, ayalaze juu ya kioo kwa ndani na kukata umbo lake, pamoja na nafasi ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Umbo hilo aliongeze upana wa kidole kimoja kila upande. Kisha aandae matabaka matatu: uso wa nje wenye kung'aa, sponji nyembamba katikati, na kitambaa cha pamba kwa ndani. Uso unaong'aa lazima utazame nje. Ukigeuzwa, faida kubwa hupotea.

Pindo lishonwe kwa uzi mnene, na kila kona ipate kitanzi cha kufungia. Wengine hupenda kushona sumaku ndogo ndani ya pindo ili kinga ijishike yenyewe. Hilo hufaa mahali penye chuma, lakini sumaku haishiki penye plastiki. Kwa kifuniko cha nje litumike turubai jeupe lisilopitisha maji, lenye masikio marefu ya kubanwa na milango. Tena iachwe sehemu ndogo ya kufunua, ili aliye ndani aweze kuchungulia nje usiku kabla ya kufungua mlango.

FOLENI YA MALABA

Mahali ambapo uchaguzi huu hupata mtihani ni Malaba. Foleni ya malori huelekea magharibi, na jua la saa tisa huyatazama malori yote usoni. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa ugonjwa wa UVIKO-19 kabla ya kuvuka, foleni hiyo ilirefuka kwa makumi ya kilomita, na watu walikaa siku kadhaa ndani ya kabini zao. Mwezi Januari 2022 foleni ndefu ilirudi tena kwa sababu ya mabishano juu ya upimaji huo.

Katika foleni iendayo hatua chache kila nusu saa, kifuniko cha nje ni taabu, kwani humlazimu mtu kushuka na kupanda bila ya kikomo. Hapo kinga ya kukunja ya ndani ndiyo iliyo bora, pamoja na wavu ubavuni na milango yote miwili kufunguliwa kwa dakika chache kabla ya kuingia. Kifuniko cha nje kingojee uwanja wa maegesho, pale dereva atakapolala saa nyingi. Mwenye kutaka kujitayarisha vyema huchukua vyote viwili, kwa maana havichukui nafasi kubwa nyuma ya kiti.

Vitu vingine navyo huhitaji kivuli. Dawa nyingi, zikiwemo zile za mseto za malaria, hutakiwa kukaa mahali pasipozidi nyuzi 30. Kiberiti cha gesi kikiachwa juu ya dashibodi huweza kupasuka. Maji ya kunywa na chakula cha mtoto viwekwe chini, nyuma ya kiti, vikiwa vimefunikwa.

KINGA HAIMLINDI MTOTO

Hapa pana neno ambalo kila mzazi na kila askari wa barabarani yafaa alishike. Kinga hupunguza joto, haiiondoi hatari. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima joto ndani ya gari lililofungwa juani. Kwa wastani lilipanda kwa nyuzi 22 katika muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Jambo hilo lilitokea hata katika siku ambazo nje hapakuwa na joto kali. Kufungua kioo kwa upenyo mdogo hakukuleta nafuu ya maana. Mwili wa mtoto mchanga nao hupata moto kwa kasi kuliko ule wa mtu mzima.

Kwa hiyo mama anayeshuka Malaba kwenda kugonga muhuri wa pasi ashuke na mtoto wake, hata kama amelala usingizi mtamu, hata kama kinga ya fedha imewekwa. Askari anayepita kando ya foleni na kumwona mtoto peke yake nyuma ya kioo asingoje mwenye gari arudi. Na asemapo, "Mama, mteremshe mtoto aje kivulini," asichukuliwe kuwa msumbufu.

Mtu aliyezidiwa na joto huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na ngozi yake huwa moto. Apelekwe kivulini mara moja, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, huku mwingine akitafuta msaada wa hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Kuchelewa kwa dakika chache katika jambo hili huweza kugharimu uhai.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mita mbili za turubai, uzi, na jioni moja mbele ya cherehani vyatosha kuuziba ufa huu kabla ya safari ya uhamisho ujao.