Mkaba wa Mungazi Uangaliwe Chini, Kabla ya Kupanda

NYANGWE, Maniema – Hapa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kazi ya kukata ngazi ina mapatano ambayo kila mtu anayajua. Mungazi ni wa mwenye shamba. Panga mara nyingi ni la mkataji. Mikungu inayoshuka inagawanywa: sehemu kwa mwenye miti, sehemu kwa aliyepanda. Mkaba wa kupandia ndio hauna mwenyewe wa wazi. Mara ni wa mwenye shamba, mara umeazimwa kwa jirani, mara uliachwa na mtu aliyehama. Lakini siku mkaba unapokatika, hakuna wa kugawana naye. Anayeanguka ni yule aliyekuwa juu, na nyumba yake inaanguka pamoja naye.

Jambo hilo linagusa zaidi familia zilizokimbia vita upande wa Kabambare na Fizi. Mtu anayefika bila shamba, bila jembe, na watoto wa kulisha, hana kazi nyingi za kuchagua. Atafyeka mashamba ya watu, atabeba mizigo, atasukuma baiskeli, au atakata ngazi. Kukata ngazi kunavuta watu kwa sababu kunalipa siku ileile. Mikungu miwili mitatu ikishuka asubuhi, jioni kuna sombe yenye mafuta, na pengine franga kidogo za chumvi na sabuni. Ndiyo maana wanaume ambao hawakuzaliwa katika kazi hiyo wanajikuta juu ya miti mirefu, wameegemea mkaba ambao hawakuusuka wao, wala hawajui umri wake.

Baba mmoja wa watoto watano, ambaye kwao alikuwa mvuvi kando ya ziwa Tanganyika, alipewa mkaba wa namna hiyo siku yake ya kwanza. Ulikuwa wa kekele lililosokotwa, mweusi kwa moshi, na fundo lake lilikuwa limefungwa upya kwa kipande cha nailoni ya bluu. Mwenye shamba alimwambia kwamba mkaba huo umepanda miti mingi. Mvuvi yule aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akautazama tena.

“Papa,” akasema kwa heshima, “kule ziwani kamba kama hii tusingefungia hata mtumbwi.”

“Usipoutaka, wako wengine wanaoutaka,” akajibiwa.

Hapo ndipo mzee wa jirani, mkataji wa siku nyingi, aliposogea. Aliuomba mkaba, akaukunja juu ya goti lake. Ukalia kama kijiti kikavu. Mzee hakugombana na mtu. Alimwambia tu mgeni, “Mwanangu, leo usipande. Kesho tutaingia porini tutafute kekele bichi.” Siku hiyo watoto walilala na muhogo mkavu bila mafuta, lakini baba yao alilala nyumbani.

Maneno ya mwenye shamba, kwamba mkaba umepanda miti mingi, ndiyo yanayodanganya wengi. Yanasemwa kama sifa, na kumbe ndiyo sababu ya kuogopa. Mkaba haupati nguvu kwa kuzoea kazi. Kila mti unaopanda unaondoa kidogo. Magamba ya mungazi, yale mabaki ya makuti yaliyokatwa zamani, yana makali yanayosugua kama msumeno. Mvua inaingia ndani ya nyuzi, jua linakausha, wadudu wanakula polepole. Mkaba uliopanda miti mingi ni mkaba uliobakiza michache.

Tena kuna jambo ambalo hata wakataji wazoefu hawalifikirii sana. Mkaba wa mungazi umetengenezwa ili mtu aegemee. Haukutengenezwa kudaka mtu ambaye ameanza kuanguka. Mkataji anapanda kwa kukanyaga magamba, anaegemea nyuma, mkaba unakaza kati ya mgongo wake na shina. Ukikaza hivyo muda wote, unafanya kazi yake vizuri. Lakini ukilegea, kisha miguu ikateleza, mwili unashuka kwanza bila kizuizi na mkaba unapigwa kishindo kimoja kikubwa. Kishindo hicho kinazidi uzito wa mtu mara nyingi. Mkaba ambao ulimbeba asubuhi yote bila shida unaweza kukatika hapo hapo.

Mafundi wanaopanda minara ya simu na antene za radio wana vifaa vilivyofikiriwa kwa ajili ya kishindo hicho. Wanavaa mkaba wa mwili mzima, unaoshika mapaja, kifua na mabega, na nyuma yao inaning'inia kamba yenye ndoano. Kwenye kamba hiyo kumeshonwa kifuko ambacho, fundi akianguka, kinachanika kidogo kidogo ili kumpunguzia nguvu ya kishindo. Kwa kanuni za Ulaya, kamba ya namna hiyo pamoja na kifuko chake haizidishi mita 2, na nguvu inayofika mwilini haipaswi kupita ile ya kubeba kilo 600 hivi. Fundi mwangalifu ana ndoano mbili: hafungui moja kabla ya nyingine kushika. Na kamba iliyokwisha kudaka mtu, hata kama inaonekana nzima, hairudi kazini. Inatupwa.

Mkataji wa ngazi hana kifuko hicho, wala hana ndoano ya pili. Kutoka mita 10, mtu anafika chini kabla sekunde moja na nusu haijaisha, kwa kasi ya karibu kilometa 50 kwa saa, kama ya piki-piki kwenye njia nzuri. Na mingazi mingi ya zamani inapita urefu huo. Kwa hiyo ulinzi wake wote uko katika mambo mawili: mkaba mzima, na mkaba unaokaza. Yote mawili yanajulikana akiwa bado chini.

Wazee wa kazi wanaangalia hivi. Kwanza, mkaba unatazamwa wote kwenye mwanga, si ndani ya nyumba. Mkono unapita juu yake pole pole, kwa sababu vidole vinaona ufa ambao macho yamepita. Sehemu mbili zinatazamwa zaidi: ile inayosugua shina, na ile iliyo karibu na fundo. Kama ni kekele, linakunjwa. Likilia, au nyuzi zikisimama kama nywele, kazi yake imekwisha. Wapo wanaoliloweka majini ili lilainike. Maji yanalainisha kekele kavu, lakini hayaponyi lililopasuka.

Kama ni kamba ya nailoni, dalili ni nyingine. Nailoni haiozi upesi, ndiyo maana watu wanaiamini kupita kiasi. Jua linaila kimya kimya: inakuwa ngumu, inapauka, ikisuguliwa inaacha unga mkononi. Moto nao unaiyeyusha. Mkataji aliyechoma majani kufukuza nyigu karibu na mkaba wake achunguze kama hakuna sehemu iliyoganda na kung'aa, maana hapo nyuzi zimeungua. Kisha fundo: nailoni inateleza, hasa ikilowa. Mkia wa fundo uwe mrefu zaidi ya upana wa kiganja, na fundo likazwe upya kila asubuhi. Kipande cha kamba ya aina nyingine kilichounganishwa katikati hakikubaliki, hata kama kilishikilia jana.

Baada ya macho na mikono, unakuja uzito. Mkataji anajifunga, anapanda magamba mawili tu, miguu ikiwa karibu na ardhi, halafu anaegemea nyuma kwa mwili wote. Anajisukuma mara tatu. Mwenzake anasimama pembeni. Kama kuna kitu cha kukatika, kikatike hapo, ambapo hasara ni mavumbi kwenye kaptula. Jambo hili linachukua muda mfupi kuliko kunoa panga.

Akiwa juu, adui mkubwa wa mkaba ni panga lenyewe. Mkono umechoka, jasho linaingia machoni, mkungu haukatiki, na pigo moja linapotea. Mkataji aangalie mkaba ulipo kabla ya kila pigo, na akate upande ambao panga likiteleza linakwenda mbali naye. Asipandishe mkaba kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika panga. Panga lina mahali pake mgongoni. Na asubuhi ya umande au baada ya mvua, shina lingojewe likauke. Mungazi hauhami.

Kwa nini mambo haya, ambayo si siri kwa mtu yeyote, hayafanyiki kila siku? Kwa sababu ya haraka, na haraka ina chanzo chake. Mkataji halipwi kwa siku wala kwa saa, analipwa kwa mikungu. Mambo ni hivyo tangu zamani. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji iliipa kampuni ya William Lever nafasi kubwa katika misitu ya mingazi ya Kongo, na huko Leverville, ambayo leo ni Lusanga katika Kwilu, mkataji alihesabiwa kwa matunda aliyoyaleta. Anayehesabiwa hivyo anaona kila dakika ya kutazama mkaba kama mkungu uliopotea. Mhami ambaye hajui kama kesho atapewa mti tena anaona hivyo zaidi.

Sheria ipo. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wanaomfanyia kazi. Lakini mapatano ya kukata ngazi hayaandikwi. Mwenye shamba atasema hakumwajiri mtu, waligawana tu matunda. Mkataji hana karatasi, hana bima, na mara nyingi hana ndugu wa karibu wa kumsemea. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kungoja ofisi. Linaweza kuanzia mbele ya shefu wa kijiji, wakati wa kupatana mikungu, kwa maneno mawili tu ya kuongeza: mkaba unatoka kwa nani, na nani ameuangalia leo.

Wapo wenye mashamba watakaosema kwamba nao ni maskini, na ni kweli. Lakini kekele linapatikana porini, na kulisuka kunagharimu siku moja ya kazi, si franga nyingi. Siku hiyo moja igawanywe kama mikungu inavyogawanywa. Mwenye miti asiyeweza kutoa mkaba mzima amwachie mkataji wakati wa kuutengeneza, bila kumtishia kwamba wako wengine. Na mkataji mgeni anayesema “huu siupandi” asiitwe mwoga wala mvivu. Mvuvi yule hakuogopa mti. Alijua kamba.

Ikitokea mtu ameanguka, huruma ya haraka inaweza kumuumiza zaidi. Watu wanamkimbilia, wanamshika mikono, wanamkalisha, wanampa maji. Hapana. Alazwe pale alipo, asivutwe. Mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Damu ikitoka, ikandamizwe kwa kitambaa safi. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili wote kwa pamoja, kichwa, mgongo na miguu, kama gogo moja. Akisema hasikii miguu, ujue huenda mgongo umeumia. Abebwe juu ya mlango au ubao mgumu, amefungwa asitikisike, hadi kituo cha afya, na muganga ndiye ataamua kama apelekwe hospitali ya Kasongo. Kumkalisha kwenye piki-piki kati ya watu wawili ni kumalizia kile ambacho mti ulianza.

Limebaki neno moja juu ya mikaba iliyochoka. Katika nyumba nyingi haitupwi. Inatundikwa ukutani, na siku mgeni anapokuja kutafuta kazi, ndiyo anayopewa, kwa sababu mpya ni ya mtoto wa nyumbani. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Watu wameona kitu kinaning'inia, wakakitoa. Dawa yake ni panga. Mkaba ulioshindwa kukunjwa, ulioliwa na jua au uliokwisha kudaka mtu, ukatwe vipande vipande siku ileile, vifupi kiasi kwamba havifungi tena kiuno cha mtu. Vinaweza kufungia kuni au kuning'iniza chungu. Mzee yule wa Nyangwe alifanya hivyo na ule mkaba mweusi, baada ya kumwomba mwenye shamba ruhusa, na mwenye shamba hakukataa.