Maji ya Nairobi hayachemki kwa nyuzi 100

Leo sina stori ya mahusiano wala ya kutafuta pesa mtandaoni. Leo ni sayansi, na kabla hujapita, ngoja kidogo. Kama una mdogo wako yuko Gredi 7, 8 au 9, hii ni yake. Kama wewe mwenyewe ulimaliza Form 4 ukiamini fizikia na kemia ni za watu wengine, hii ni yako hata zaidi.

Mwaka wa 2024 nilifundisha kwa junior school moja huku Eastlands. Sitaitaja, maana haikuwa mbaya kuliko zingine. Nilikuwa mwalimu wa BOM, yaani unalipwa na bodi ya shule, na bodi ikikosa unalipwa kwa salamu. Nikapewa Integrated Science. Maabara haikuwepo. Junior school zilianza Januari 2023 zikiwekwa ndani ya shule za msingi, na shule za msingi hazikujengwa zikiwa na maabara. Vifaa vyangu vyote vilitoshea kwa kabati moja: sumaku mbili, betri zilizokufa, bika yenye ufa na kipimajoto kimoja. Watoto walikuwa zaidi ya 60.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga: watoto wetu wanafundishwa kuamini kitabu kuliko macho yao, halafu hiyo tunaiita sayansi.

Niliiona siku ya kuchemsha maji. Nilitoka na meko yangu nyumbani, ile gesi ndogo ya kilo sita, nikaweka sufuria juu ya dawati, nikawaita watoto wakuje mbele kwa zamu wasome kipimajoto. Walikuwa tayari wanajua jibu, kitabu kimesema maji huchemka kwa nyuzi 100. Sasa maji yakaanza kutokota. Nyuzi 90. 93. 95. Hapo ikakwama. Mapovu yanaruka, mvuke umejaa mbele ya darasa, na ile laini nyekundu haisongi.

Nikakusanya daftari. Karibu wote walikuwa wameandika 100. Hata wale walioinama wakasoma 95 kwa macho yao, wameandika 100.

Sikuwakemea. Niliandika 95 ubaoni, nikauliza tu, mbona? Kukawa kimya, halafu kijana mmoja akasema kile wote walikuwa wanafikiria: "Ticha, hiyo kitu imeharibika." Sawa, basi tutajuaje kama imeharibika? Hilo swali lilichukua dakika kumi, na kwangu zile ndizo dakika kumi bora za muhula mzima. Mwingine akasema gesi ni kidogo. Tukaongeza moto; maji yakaruka zaidi, 95. Mwingine akasema ni maji ya mtungi, yako na kitu ndani. Halafu msichana wa nyuma kabisa, yule huwa haongei, akasema kama kipimajoto kimeharibika basi hata barafu kitaisoma vibaya. Kijana mmoja akaruhusiwa kukimbia kwa duka la nje ya geti, akarudi na barafu kwa karatasi ya nailoni. Tukaiponda, tukaweka na maji kidogo, tukangoja. Sifuri.

Wasee, mngeona zile nyuso.

Kipimajoto kilikuwa kizima. Kitabu pia hakikudanganya, ila kile kipande cha maana kinaachwa: maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ile iliyo juu ya Mombasa, kwa hivyo inakandamiza maji kwa nguvu kidogo, na mapovu ya mvuke yanapata nafasi ya kutoka mapema. Yanatoka kwa nyuzi 94 au 95 hivi. Ukiongeza moto, maji yanaisha haraka tu, hayapandi joto.

Halafu nikawauliza nani nyumbani kwao hupikwa githeri. Mikono yote juu. Kumbe ndio maana githeri ya Nairobi inakaa jikoni masaa na masaa, inaiva kwa maji baridi kuliko ya Mombasa! Na ile sufuria ya presha inafungia mvuke ndani ili ukandamize maji, maji yapite nyuzi 100 kabla ya kuchemka, maharagwe yaive mapema. Hiyo ndiyo mada ya presha. Watoto 60 waliielewa kwa sababu ya githeri.

Baada ya hapo nikapata ujasiri. Wengi wenu mmeenda Nanyuki mkapiga picha kwa ile signboard ya ikweta. Kuna jamaa pale mwenye beseni lenye tundu, jagi la maji na njiti ya kiberiti. Anaenda hatua chache kaskazini mwa mstari, njiti inazunguka upande mmoja. Anaenda kusini, inazunguka upande mwingine. Akiwa kwenye mstari wenyewe, maji yanashuka moja kwa moja. Watalii wanapiga makofi, wanalipa, wanapewa na cheti.

Sasa, ni kweli kwamba kuzunguka kwa dunia kunapinda vitu vikubwa. Vimbunga vya baharini huzunguka upande mmoja kaskazini mwa ikweta na upande mwingine kusini. Lakini kimbunga kina mamia ya kilomita na kinaishi siku kadhaa. Beseni ni futi moja, maji yanaisha kwa dakika. Kwa kipimo hicho, mita chache kutoka ikweta, nguvu hiyo ni ndogo sana kiasi kwamba inashindwa hata na mtikisiko wa mkono wako. Njiti inafuata namna maji yalivyomwagwa. Simchukii yule jamaa, anajua kazi yake.

Sikuwaambia watoto hayo kwanza. Nilichora ramani: ikweta hii hapa, Nairobi iko kusini yake kama kilomita 140. Kama stori ya Nanyuki ni kweli, hapa kwetu maji yatazunguka upande mmoja kila siku. Tukapata karai kuukuu, tukalitoboa katikati kwa msumari mkubwa, tukaenda uwanjani. Kila kundi lilimwaga, likaweka kijani kidogo cha mti, likaandika upande. Ubaoni tulikuwa na safu mbili, na zote mbili zilijaa. Halafu kijana mmoja mtundu, wa yule unatuma nje ya darasa mara mbili kwa wiki, akagundua kwamba akimwagia maji upande wa kushoto wa karai anaweza kuchagua yazunguke vipi. Akarudia mara tano bila kukosea. Akanitazama: "Ticha, naweza enda Nanyuki nifungue biashara."

Ni huyohuyo alikuwa ananiletea zile video za "Afrika inapasuka." Mnakumbuka Machi 2018, ufa mkubwa ulitokea karibu na Mai Mahiu ukakata barabara ya Narok, dunia nzima ikasema bara linagawanyika usiku huo. Bonde la Ufa linapanuka kweli, lakini ni milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hiyo. Ule ufa uliotokea, wanajiolojia wengi walisema ni mvua kubwa iliyofagia majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani chini. Nikamwambia yule kijana achukue ungavumbi, aweke kwa boksi lenye mpasuko chini, amwagie maji. Akaona juu kukibomoka ghafla. Video hizo bado anazitazama, lakini sasa anaziandikia komenti.

Kuna kitu kinanikera hapa na lazima nikiseme. Kwa ratiba yetu mawe, volkano na matetemeko yako zaidi kwa Social Studies. Kemia ya maji iko kwa sayansi. Mwalimu tofauti, daftari tofauti, siku tofauti. Mtoto anakua akidhani hivyo vitu havijuani. Na sisi tunakaa juu ya Bonde la Ufa! Sehemu kubwa ya stima ya nchi hii inatoka kwa mvuke wa chini ya ardhi, mingi kutoka Olkaria pale Naivasha. Mathe akinunua tokeni, ananunua kipande cha volkano.

Nilijua nitavunja huo ukuta siku fulani, lakini sikujua nitamvunjia nani.

Kulikuwa na msichana wa Gredi 8 aliyekuwa akiongea anafunika mdomo kwa mkono. Akicheka, anainama. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, na darasa lilikuwa limempa jina ambalo sitaliandika hapa. Familia yao ilikuwa imetoka upande wa Nakuru. Niliwahi kusikia mtu mzima, si mtoto, akimwambia apige mswaki.

Somo lilikuwa maji na vitu vinavyoyeyuka ndani yake. Sikumtaja, sikumtazama. Nilichora mlima uliokatwa katikati, nikaandika Longonot huku, Menengai kule. Nikachora tabaka za majivu na mawe ya volkano, kisima kirefu kikishuka ndani yake, na mtungi juu. Nikaeleza kwamba mawe hayo yana floraidi, na maji yakikaa humo muda mrefu yanaiyeyusha. Haina rangi, haina harufu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Floraidi kidogo inasaidia meno. Ikizidi, kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanatoka tayari yakiwa na madoa. Doa liko ndani ya jino. Hakuna mswaki utalitoa.

Darasa likanyamaza kwa namna ambayo sijawahi kusikia tena.

Akauliza yeye mwenyewe, mkono bado uko mdomoni. "Kwa hivyo si uchafu?"

Nikasema si uchafu. Ni mlima.

Akafikiria. "Lakini mdogo wangu yake ni nyeupe, na tumezaliwa huko wote." Nikamuuliza mlihamia Nairobi akiwa na miaka mingapi. "Mmoja." Na wewe? "Nane." Akaanza kuhesabu kwa vidole, na nikaona anafika mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Akaeleza darasa nzima: mdogo wake alikunywa yale maji mwaka mmoja tu, meno yake mengine yalijitengenezea Nairobi. Hakuna mtu aliyecheka. Mkono ulikuwa umeshuka muda huo wote, na sidhani alijua.

Lile jina halikuisha siku hiyo, watoto ni watoto. Lakini wiki iliyofuata kuna mtu alilitumia na nikasikia mwingine akimjibu, "Wewe hata hujui floraidi ni nini."

Najua mtakachosema. Silabasi ni ndefu, mtihani unakuja, karai na barafu vinakula vipindi viwili. Ni kweli. Naibu mkuu aliniita kuniuliza mbona darasa langu lina kelele. Na walimu wenyewe mnawajua: wale intern wa junior school walikuwa wanapewa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na Mei 2024 walikuwa barabarani wanagoma. Mwalimu aliyesomea historia anapewa sayansi kwa sababu hakuna mwingine. Simlaumu akisoma kitabu kwa sauti mpaka kengele ilie. Lakini kama ni kukata kitu, tungeanza na zile michoro. Niliwahi kukuta daftari 60 zimechorwa bunsen burner, zimepakwa rangi, kila sehemu ina jina, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuiona. Wote wana meko nyumbani!

Na kumbukeni hii si ya kufurahisha watoto tu. Gredi 9 wanachagua njia moja kati ya tatu: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wako na miaka 14, 15. Mtoto ambaye sayansi kwake ni kunakili 100 huku anaona 95 atachagua aje? Ataikimbia, tena atasema haina akili yake, na tutamwamini.

Mimi niliondoka mwisho wa mwaka huo, hesabu za kodi zilikataa. Yule msichana alikuwa kwa kundi la kwanza kabisa la Gredi 9, 2025. Mara ya mwisho alinitumia meseji kwa simu ya mamake. Alikuwa amesoma mahali kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi, inabaki kwa maji machache zaidi, na hilo ni kweli. Akasoma pia kwamba mifupa ya ng'ombe ikichomwa ikawa makaa inaweza kuinasa, na huko Nakuru wametengeneza vichujio vya namna hiyo kwa miaka mingi. Nyanyake bado anaishi huko, bado anakunywa ya kisima, na kuna wajukuu wadogo pale. Swali lake: mifupa ya kuku inaweza kufanya hiyo kazi, kwa sababu ya ng'ombe ni ghali?

Nikamjibu kwa swali. Ukishachuja, utapima floraidi na nini?

Alikaa siku mbili. Halafu akarudi na orodha.