Wikendi ya Sufu, Shetland

Ijumaa, 9 Mei 2025. Melini, kutoka Aberdeen

Safari ya Lerwick ni ya usiku kucha. Humu ndani kila kiti kina mwanamke, na kila mwanamke ana mfuko wa uzi. Bibi mmoja wa Leeds kaniuliza mtu wa Tanga kajifunzia wapi kufuma. Nikamwambia kwetu hakuna baridi ya sweta, lakini kochi lisilo na kitambaa cha kufuma ni aibu ya mwenye nyumba. Bahari imeanza kuchafuka. Naacha.

Jumamosi, 10 Mei. Lerwick

Leo darasani nimevaa mshipi wa wafumaji wa hapa. Ni wa ngozi, una kijimto kilichoshindiliwa manyoya ya farasi na kutobolewa vitundu. Unachomeka ncha ya sindano ya kulia kwenye kitundu, nayo inasimama yenyewe. Mkono unabaki na kazi ya kupitisha uzi tu. Ndiyo maana wanawake wa zamani waliweza kufuma huku wakitembea, mgongoni kapu la udongo mkavu wa kuwashia moto.

Kisha mwalimu akachukua sweta lililofumwa mviringo kama gunia, akalikata kwa mkasi kutoka pindoni hadi shingoni. Wengine tulipiga ukelele. Hakuna jicho lililofumuka! Sufu ya kondoo wa Shetland ina nywele zinazong'ang'aniana. Ingekuwa pamba, tungekuwa tunakusanya nyuzi sakafuni.

Mchana, makumbusho. Shali za kisiwa cha Unst ni nyembamba kiasi kwamba shali nzima hupita ndani ya pete ya ndoa. Watu wanazipiga picha. Mimi kilichonikaa rohoni ni habari za malipo: wafanyabiashara waliwalipa wafumaji kwa majani ya chai na vitambaa, si kwa fedha. Mwanamke alifuma majira yote, akarudi nyumbani na chai, na fedha ya kununulia unga hana. Serikali ilituma tume kuchunguza, ripoti ikatoka 1872. Hata baada ya hapo mtindo huo haukufa upesi.

Saa tatu usiku bado kweupe. Usingizi umenikataa.

Jumapili, 11 Mei. Sumburgh

Barabara inakatiza njia ya ndege. Geti likifungwa, mnasubiri ndege itue. Jarlshof kuna nyumba za mawe za zaidi ya miaka 4,000, na juu yake za Waviking. Jina lenyewe alilitunga Walter Scott katika riwaya yake. Visiwa hivi vilikuwa vya Norwei hadi 1469, mfalme alipoviweka rehani kwa Uskochi kwa sababu ya mahari ya bintiye. Baba wa binti ndiye mlipaji! Wajomba zangu wangehamia huko.

Upepo mkali. Tumekula supu ya kondoo aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Tamu, ila haina pilipili.

Jumatatu, 12 Mei. Lerwick

Sweta za Fair Isle zilivuma miaka ya 1920, mrithi wa ufalme wa Uingereza alipozivaa kwenye gofu. Kila mstari una rangi mbili, na ile isiyotumika hubebwa kwa nyuma. Mwenzetu mmoja kalalamikia bei dukani. Si ghali, wiki nyingi za mtu zimo humo. Nimenunua glavu, nikalipa taslimu bila kuomba punguzo, mimi ambaye kwetu Tanga, sokoni Mgandini, sijawahi kulipa bei ya kwanza.