Sauti ya Jazz ya Morogoro na Uchaguzi wa Pikapu ya Gitaa

Neno jazz limekaa katika majina ya bendi zetu kwa muda mrefu hata ni wachache wanaojiuliza lilikuja kutafuta nini. Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Morogoro Jazz. Na kule Kongo African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco. Zote zilijiita jazz, wala hakuna hata moja iliyojulikana kwa kupiga muziki ule ambao Wamarekani weusi waliupa jina hilo. Kwa wazee wetu jazz ilikuwa ni muziki wa dansi wa mjini, wenye magitaa, na tarumbeta au saksafoni pale zilipopatikana. Rumba na chacha zilizokuja kwa njia ya santuri, zikachanganyika na lahani za nyumbani hata zikawa kitu kingine. Nalianza na jambo hili kwa sababu hivi karibuni, hapa Mafiga, neno hilo moja nusura lituamulie kununua kitu ambacho hatukukihitaji.

Kipo katika mtaa wetu kikundi cha vijana wanaojifunza kupiga nyimbo za zamani za Morogoro. Mafiga ni mawe matatu ya kuinjikia chungu, na bendi ya dansi nayo huinjikwa juu ya magitaa yasiyopungua matatu: solo, ridhimu na besi. Gitaa la solo la vijana hawa lilikuwa na maradhi ya kuvuma. Jirani na chumba chao cha mazoezi wapo mafundi wa kuchomelea vyuma, na taa zao ni za mirija. Basi kila gitaa lilipounganishwa na amplifaya, mvumo mzito ulitangulia wimbo, ukaambatana nao, ukaendelea hata wimbo ulipokwisha. Fedha za kununua pikapu mpya zilipatikana kidogo kidogo kwa kupiga katika harusi. Zilitosha pikapu moja tu.

Msomaji aniwie radhi kwa neno pikapu. Kwa watu wengi pikapu ni gari dogo la mizigo. Lakini wapiga gitaa wamekwisha kuafikiana kukiita hivyo kile kifaa kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, nami sioni sababu ya kuwabunia neno jingine. Kanuni yake ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huikuta katika kitabu chake. Sumaku imezungushiwa waya wa shaba, wembamba wake kama wa unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, uga wa sumaku hutikisika pia, na umeme mdogo huzaliwa katika waya. Umeme huo ndio amplifaya inaoukuza. Lakini koili ile haichagui cha kusikia. Umeme wa majumbani mwetu hupishana mara 50 kwa sekunde, na koili huusikia ukipita ukutani, katika taa na katika mashine ya jirani. Ndiyo asili ya ule mvumo.

Dawa yake ilipatikana Marekani mwaka 1955, katika kiwanda cha Gibson, kwa akili ya fundi mmoja aliyeitwa Seth Lover. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu. Moja inatazamwa na ncha ya kaskazini ya sumaku, ya pili na ncha ya kusini. Tena umeme hupita katika koili ya pili kwa mwelekeo uliogeuzwa. Uzi hugeuzwa mara mbili, kwa sumaku na kwa waya, na kwa hiyo sauti zake mbili hujumlishwa. Mvumo haujali sumaku. Hugeuzwa mara moja tu, kwa waya, na kwa hiyo mvumo wa koili hii huufuta mvumo wa ile. Sijui mfano mzuri zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba hasi mara hasi ni chanya si maneno ya ubaoni tu. Kifaa hicho huitwa hambaka, yaani kizuia mvumo.

Hata hapo vijana wote walikuwa wameafikiana: ni hambaka. Ubishi ulizuka juu ya hambaka ipi, na iwekwe wapi. Kijana mpiga solo alikuwa amejifunza kwamba anayetaka sauti ya jazz hana budi kuweka hambaka karibu na shingo ya gitaa, afungie chini kitufe cha sauti kali, atumie nyuzi nene. Hakukosea. Ndivyo alivyosikika Wes Montgomery, aliyepiga Gibson L-5 kwa kidole gumba, na sauti yake ya duara, isiyo na makali, imekuwa kipimo kwa wengi. Lakini hata huko Marekani jazz haikuzaliwa na hambaka: Charlie Christian, aliyewafungulia wapiga gitaa wa jazz njia ya kupiga solo kwa umeme, alifariki mwaka 1942, miaka 13 kabla ya Lover kubuni kifaa chake, pikapu yake ilikuwa ya koili moja.

Mimi niliwaomba vijana waweke kando neno jazz wasikilize kwanza muziki wenyewe. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, aliyejiunga nayo katikati ya miaka ya 1960 na kuifanya ijulikane Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, katika Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliunda Super Volcano, na Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa. Mji huu huu ulikuwa na Cuban Marimba, iliyoanzishwa na Salum Abdallah mwaka 1948, na iliyoongozwa na Juma Kilaza baada ya Salum naye kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Ukizisikiliza santuri za bendi hizi utaona kwamba gitaa la solo halipewi nafasi ya peke yake kama katika jazz ya Marekani. Linapiga huku ridhimu inapiga, saksafoni zinajibu, na mwimbaji anarudi. Wimbo unapofika kwenye chemko, solo hurudia kifungu kifupi mara nyingi, na miguu ya wachezaji hukishika kifungu hicho. Kila noti ni lazima itengane na mwenzake kama punje za mahindi katika gunzi. Sauti nene na ya chini ingezama ndani ya ridhimu, na mchezaji angebaki na besi na ngoma tu.

Hapa ndipo fizikia iliporudi kutusaidia. Uzi hutikisika kwa upana zaidi kadiri unavyoliacha daraja kuelekea katikati yake; kwa hiyo pikapu ya shingoni husikia zaidi sauti kuu, iliyo nene, na ya darajani husikia zaidi zile sauti ndogo za juu zinazozaliwa pamoja nayo. Aidha mizunguko ya waya ikizidi, nguvu huongezeka lakini ukali wa sauti hupungua. Tukaziacha hambaka zenye nguvu nyingi na sumaku za kauri, zilizokusudiwa miziki ya kishindo, tukatafuta ya kadiri: mizunguko ipatayo 5,000 kwa kila koili, na sumaku ya mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Sharti kubwa nililolisisitiza ni kwamba itoke na nyaya nne badala ya moja, ili ncha mbili za kila koili zifikiwe.

Sababu ni hii. Koili za hambaka kwa kawaida huunganishwa kwa mfuatano, nao ndio unaoipa sauti yake nene. Zikiunganishwa kwa sambamba, nguvu hupungua, lakini sauti hung'aa na kukaribia ile ya koili moja, wala mvumo haurudi. Wapo wanaopendekeza kuizima koili moja kabisa. Hao hupata mwangaza, na mvumo pia. Katika mtaa wenye mafundi wa kuchomelea hilo halifai.

Seremala alipanua tundu la darajani kwa patasi, kwa kuwa tundu la koili moja ni jembamba mno kwa hambaka. Fundi wa redio alilehemu swichi ndogo ya kugeuza mfuatano kuwa sambamba. Pikapu ya zamani ya shingoni iliachwa mahali pake. Kazi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya bisibisi: kupandisha na kushusha pikapu mpaka nyuzi zote sita zisikike sawasawa, bila kuikaribisha sana, maana sumaku ikiwa karibu mno huvuta nyuzi na kuziharibu lahani. Kijana alichora alama ya penseli pale alipotosheka.

Sasa hupiga utangulizi wa nyimbo za polepole kwa mfuatano, akapata ule unene alioutamani, na chemko likianza hugeuza swichi. Mzee mmoja aliyecheza dansi katika kumbi za mji huu enzi za Mbaraka alisikiliza nyimbo tatu bila kusema neno, kisha akauliza kama solo haiwezi kung'aa zaidi kidogo. Pikapu ikapandishwa robo mzunguko. Mpiga ridhimu bado ana koili yake moja inayovuma. Anasema wakati wa chemko hakuna anayeusikia mvumo, na fedha za harusi ijayo zinunue ngozi ya ngoma.